Ratili Kumi za Mavi

Bucha, Majengo, Embu.
Alhamisi, baada ya alasiri.

Mwanangu Idi,

Nyama imekwisha mapema leo. Nimesugua gogo, nimemwaga maji, nimefunga mlango nusu ili watu wadhani nimekwenda kusali. Naandika kwenye karatasi za kufungia nyama, kwa hiyo ukikuta doa la damu usishtuke, si langu. Mama yako yuko nyumbani anakukunjia nguo, na bila shaka amekwisha kukuambia yote ya blanketi, sabuni, sala na wasichana. Hayo namwachia yeye, anayaweza. Mimi nina jambo moja tu, na nimelizunguka wiki nzima kama mbwa azungukavyo bucha hii.

Tuanze na lile dogo. Karatasi yako ya ruhusa ya kusafiri hadi Kanyakine haikuchelewa. Ilitoka Jumamosi. Karani wa ofisi ya DO alinipa mkononi, imepigwa mhuri, jina lako limeandikwa sawasawa. Nilipokuambia Jumatatu kwamba bado, ilikuwa kwenye droo chini ya visu. Uliponiuliza tena Jumanne nikakukemea kwamba una haraka, ilikuwa papo hapo kwenye droo. Leo nimeitoa. Utaikuta mezani pamoja na barua hii, na gari la kesho asubuhi utalipata.

Utataka kujua kwa nini baba mzima anamfichia mwanawe karatasi. Ni wivu, Idi. Naliandika neno lenyewe kwa sababu nimelibandika majina mengine kwa miaka sita na hakuna jina lililonifaa. Nakuonea wivu wewe kwa kazi unayoiendea, na namwonea wivu Njeru kwa kuwa yeye ndiye anayekupeleka. Tangu aje hapa umesema "Mzee Njeru anasema" mara nyingi kuliko ulivyosema bismillahi. Mzee Njeru anasema ng'ombe anakula mara mbili. Mzee Njeru anasema tumbo likinyamaza mnyama ni mgonjwa. Mambo hayo nimekuambia mimi tangu ukiwa huwezi kushika kisu, nawe ulikuwa ukitazama barabarani.

Unakumbuka siku aliyokuja. Ilikuwa siku ya soko, koti lake limechanika begani, akasimama pale penye ndoana na kungoja hadi mteja wa mwisho akaondoka. Nilimwona tangu mbali na mkono wangu ukakata mfupa mahali pasipo pake. Wewe ulikuwa unapepea nzi.

"Bakari," akasema, "ile kazi yetu ya mizani nimepata tena. Huko Kanyakine. Daktari mwingine, mgeni huyu. Anataka mtu ya kuandika, na mimi kalamu unajua sijui."

"Waandishi ni wengi siku hizi," nikamwambia.

"Mimi sitaki wengi. Nataka huyu kijana yako. Nasikia amemaliza shule. Mtoto ya mtu anajua kuandika namba vizuri, atajua tu."

Wewe ulifurahi, ukamshika mkono kwa mikono miwili. Mimi nilisimama na panga langu, nikatafuta usoni mwake kama yale maneno yalikuwa sifa au yalikuwa kisu. Sikuona kitu. Nimeyageuza tangu siku ile na mpaka sasa sijui. Njeru anajua nilichomfanyia, au hajui? Ndiyo maana nataka ukijue wewe kwanza, kutoka kwangu, kabla hujakaa mbele ya daftari lake.

Mimi nilipokuwa na umri wako nilikuwa nimekwisha kufungua matumbo ya ng'ombe mengi kuliko daktari yeyote. Babu yako alinifundisha. Najua tumbo kubwa lilivyo na manyoya kama taulo, najua lile dogo linalofuata, najua lile tunaloliita kitabu kwa ajili ya kurasa zake, na la mwisho lililo kama tumbo la mtu. Kwa hiyo kituo cha mifugo hapa Embu kilipotafuta mtu wa kuwachinjia na kuwafungulia, nilikwenda nikiringa. Nilijua kusoma, nilijua kuandika, nilijua tumbo. Nilisema moyoni, mahali hapa wamenijengea mimi.

Njeru nilimkuta huko akifagia. Alikuwa na shamba Kibugu, juu kabisa, linapakana na msitu, na alishuka kila Jumatatu na kupanda Jumamosi. Tulilala chumba kimoja. Alinichekesha. Alikuwa na tabia ya kusalimia ng'ombe asubuhi kabla ya kusalimia watu. Mimi ndiye niliyempa kile kisu kidogo cha kuchunia alichokuwa nacho mfukoni daima. Naandika hivi ili usidhani alikuwa adui yangu. Alikuwa rafiki yangu wa pekee pale.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Maksai anafungwa kwenye kizimba chembamba asiweze kugeuka. Majani yake yanapimwa kabla hajala, na mahindi yake yaliyosagwa vilevile. Anachobakiza kinapimwa. Nyuma amefungwa mfuko wa turubai kwa mikanda, na kila kinachotoka huingia humo, hakidondoki hata kidogo. Jioni mfuko unamwagwa ndooni, ndoo inawekwa kwenye mizani. Wiki moja ni ya kumzoesha, wiki ya pili ndiyo ya kuandika. Kilichoingia ukitoa kilichotoka, ndicho mnyama alichokitumia. Watu wa soko walituita wapima mavi, na mimi niliwajibu kwamba mavi hayasemi uongo. Nilikuwa nasema kwa majivuno, nikiamini.

Halafu alikuwapo yule maksai wa dirisha. Daktari wetu alimpasua ubavuni, akamshona kizibo cha mpira mpana, na mnyama akapona akaishi nacho bila taabu. Ukitoa kizibo unaingiza mkono mpaka ndani ya tumbo lenyewe. Tulishona vifuko vya hariri vidogo, tukatia majani tuliyoyapima, tukafunga kamba, tukavitumbukiza. Kesho yake vinavutwa, vinaoshwa, vinakaushwa, vinapimwa tena. Majani yaliyopungua, tumbo limeyala. Yaani unaona tumbo likifanya kazi huku mnyama anacheua na kukutazama.

Siku ya kwanza daktari alituita wote wawili. Nilijua ni zamu yangu. Nikakunja shati, nikaingiza mkono, na nakuambia ukweli, niliogopa. Matumbo yote niliyoyajua yalikuwa yamekwisha kunyamaza. Hili lilikuwa la moto, na lilinibana mkono kama linataka kunimeza. Nikauvuta kwa nguvu, maksai akapiga mateke, kizimba kikatikisika. Njeru akaja, akamwambia yule mnyama maneno ya Kiembu kwa sauti ya chini, akaingiza mkono hadi begani. Akafumba macho. Kisha akacheka peke yake.

"Inageuka, Bakari! Inageuza chakula kama mama anasonga ugali!"

Daktari akacheka pia, kwa furaha ambayo sijawahi kumwona nayo. Akasema, "Njeru, wewe mkono. Bakari, wewe andika tu."

Wewe andika tu. Mtu hajui alifu wala A, mfagiaji, anapewa mnyama, na mimi napewa kalamu. Tangu siku hiyo chakula hakikunishuka vizuri. Wageni walipokuja kutoka Nairobi waliitiwa Njeru. Picha ilipigwa, Njeru yuko ubavuni mwa maksai mkono ndani, na mimi sikuitwa hata nisimame pembeni. Jioni chumbani alinisimulia kila alichokigusa, kwa kuwa alidhani nafurahi naye, nami nikaitikia gizani "ehe, ehe" huku nimeuma meno. Kama angaliringa ningaliweza kugombana naye. Hakuringa. Hilo ndilo lililonichoma zaidi.

Wiki ya kuandika ikafika, na yule maksai wa dirisha akafungwa mfuko wa turubai kama wengine. Kila jioni Njeru aliinua ndoo yake, akasoma mshale wa mizani kwa kuhesabu vistari kwa kidole, akataja. Mimi niliandika. Naye, kwa kuwa hakujua kuandika, alikuwa na kijiti cha mti wa kahawa, alichokikata kwa kisu nilichompa. Mkato mrefu ni ratili kumi, mfupi ni ratili moja. Nilikuwa nikimcheka kwa kijiti hicho.

Jioni ya kwanza akataja, "Thelathini na nne." Kalamu yangu ilikuwa juu ya karatasi. Nikaandika ishirini na nne.

Sikupanga. Au labda nilipanga bila kujiambia. Nilichotaka ni kwamba daktari aone mavi ya mnyama wa Njeru yanapungua, aseme Njeru ni mzembe, mfuko wake unavuja, hajui kukusanya. Nilitaka akemewe mbele yangu mara moja tu. Kisha labda mimi nipewe mnyama. Jioni ya pili nikatoa ratili kumi tena, kwa sababu nikiandika ukweli ya kwanza itaonekana. Hivyo hivyo siku saba. Uongo wa kwenye daftari una taabu hiyo, kila jioni unadai mwenzake.

Nilisahau kitu kimoja, mimi niliyejiona najua tumbo. Daktari hakuangalia mavi peke yake. Aliangalia pia uzito wa mnyama. Maksai anapewa majani na mahindi mengi, mavi ni machache, basi amekitumia chakula, inapasa anenepe. Akampima, hakunenepa hata kidogo. Akakaa na zile hesabu asubuhi nzima, na alipotoka hakusema kwamba mfuko unavuja. Alisema chakula hakikuingia ndani ya ng'ombe. Mahindi yanatolewa kizimbani.

Idi, wewe ulikuwa darasa la pili, hukumbuki vizuri wakati ule. Wanawake walikuwa wanachimba handaki kando ya msitu na kupanda miti iliyochongwa ndani yake. Mtu kukutwa na mahindi asiyoweza kuyaeleza ilitosha kuambiwa anawalisha wapiganaji wa msituni. Sisi wa Majengo tuliachwa kidogo. Babu yako alikuja huku mpagazi wa misafara, bibi yako ni Mmbeere, serikali haikujua ituweke fungu gani. Lakini Njeru alikuwa Mwembu wa Kibugu, na shamba lake linapakana na msitu, na kila Jumamosi alipanda huko na mfuko wake begani. Mahindi yanapotea kituoni, Njeru anapanda kwenda Kibugu. Hakuna aliyehitaji kuongeza neno.

Walikuja homgadi wawili, wale walinzi wa serikali wa vijijini, na inspekta wa polisi. Wakamsimamisha uani mbele ya vizimba. Njeru hakutetemeka. Akatoa kijiti chake chini ya shati akakishika juu.

"Bwana, hesabu yangu iko hapa. Siku ya kwanza, thelathini na nne. Ng'ombe alikula yote. Hakuna kitu ilipotea."

Inspekta alicheka. Daktari hakucheka, nitamtendea haki. Alinigeukia akasema, "Bakari, soma kitabu."

Nikasoma. Ishirini na nne. Ishirini na tatu. Ishirini na tano. Nilisoma kwa sauti nzuri, ile ya msomi. Njeru akanitazama. Hakukasirika, alinitazama kama mtu anayemsubiri mwenzake ambaye amejikwaa njiani.

"Bakari," akasema, "soma tena. Pengine umeruka."

Alinifungulia mlango. Ningaliweza kusema kweli nimekosea, wino umefifia, lolote, na hata uongo huo mwingine ungalimwokoa. Mimi nikashusha macho kwenye karatasi, nikasoma tena, vilevile. Alfajiri nyingi tangu wakati huo nimeamka na hiyo "soma tena" masikioni.

Walimnyang'anya kipande chake cha utambulisho, wakampandisha kwenye lori. Kijiti kilianguka uani, homgadi mmoja akakikanyaga akapita. Walipokwisha kuondoka nikakiokota. Njeru alikaa kizuizini miaka minne. Mahali gani na alifanyiwa nini, hajaniambia, na sina uso wa kumwuliza.

Mnyama nilipewa, ndiyo. Siku nane. Kila nilipokaribia kizibo alirudi nyuma mpaka akajigonga, akaacha kucheua, vile vifuko vikatoka na majani karibu yote. Daktari akasema jaribio limeharibika. Mimi nikaacha kazi nikarudi kwenye bucha ya babu yako, nikawaambieni nyumbani kwamba nimechoka na harufu. Na mke wa Njeru aliposhuka sokoni siku walizoruhusiwa kutoka kijijini mwao, nilimfungia maini bure. Watu wakanisifu. Bakari ana moyo, walisema, anamkumbuka rafiki. Mama yako mwenyewe aliniombea dua kwa ajili ya maini yale. Nilizipokea zote, sifa na dua.

Sasa unajua ni kwa nini nilipomwona ameingia na koti lake lililochanika nilikata mfupa vibaya. Na ungalidhani baada ya hayo yote wivu umenitoka kwa aibu. Haukunitoka! Alipokuelekeza jinsi ya kuweka sikio ubavuni mwa ng'ombe wa jirani, nilikuona umefumba macho kama yeye siku ile, ukatabasamu peke yako. Niliumia pale pale penye kidonda cha zamani. Niliona mwanangu ana mkono ambao mimi sina, na aliyeuona kwanza ni Njeru. Jumamosi nikaitia karatasi yako kwenye droo. Mtu yule yule, mwanangu, na ujanja ule ule wa makaratasi.

Leo asubuhi nilifungua droo kutafuta kisu cha mifupa nikaiona, na chini yake kile kijiti, kwa maana hapo ndipo nilipokificha miaka yote. Vikakaa pamoja mkononi mwangu. Sikuweza kuendelea kuuza nyama vizuri, mama mmoja wa sokoni akaniuliza kama nina homa.

Sikuambii usimwonee mtu wivu. Utaona tu, huko mtakuwa wengi na daktari atampenda mmoja zaidi. Labda utamwonea Njeru mwenyewe, au yeye akuonee wewe. Mimi sijapata dawa yake. Ninalojua ni kwamba jioni ile kulikuwa na muda kati ya "thelathini na nne" na wino kugusa karatasi, muda mfupi, na ulikuwa wangu wote. Kwa hiyo Njeru akikutajia hesabu, irudie kwa sauti. Ukishaandika mgeuzie daftari alione. Hasomi, lakini ataona kwamba umemgeuzia. Na hesabu ikitoka mbaya, haieleweki, mnyama amekula na hakunenepa, iache na ubaya wake. Kazi yako ni kuandika tu, na nilichukua miaka sita kujua kwamba maneno hayo hayakuwa tusi.

Kijiti nimekifunga ndani ya shuka lako, katikati, kisivunjike. Kina mikato yote ya siku saba. Nyuma ya karatasi hii nimezinakili hesabu zenyewe kutoka kijitini, moja moja, na chini yake nimeandika jina langu lote na kwamba daftari la kituo lilikuwa uongo wangu. Kwenye faili ya serikali Njeru bado ni mwizi wa mahindi. Daktari wenu mpya akitaka kuipeleka karatasi hii kwa mkubwa yeyote, na aipeleke. Askari wa njiani akiifungua, na aisome. Nitakuwa hapa bucha, sihami.

Ukifika Kanyakine, kabla hujashika daftari, mpe Njeru kijiti mkononi. Kisha mketi mahali penye mwanga umsomee barua hii, tangu mwanzo mpaka hapa, hata yale ya wivu. Usilainishe neno kwa kuwa mimi ni baba yako.

Na akikuambia soma tena, Idi, soma tena.

Baba yako,
Bakari